Kifuko cha nyongo kimetolewa: sasa tuzungumze mafuta

Wengi wanaofika kwangu kwa ushauri wa lishe hapa Dodoma baada ya kutolewa kifuko cha nyongo huja na makatazo kibao, mengine ya jirani, mengine ya WhatsApp. Mayai marufuku, nyama marufuku, maharage usithubutu. Wapo walioishi kwa uji na wali mkavu mpaka nguo zinawapwaya, na wengi wao hawakuhitaji kuteseka hivyo. Kilichotolewa ni kifuko tu. Nyongo bado unayo.

Nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Kifuko kilikuwa kinaweka akiba ndogo, mililita 30 hadi 50, kinaikoleza, halafu kinaimwaga kwa mkupuo pale unapokula chakula cha mafuta. Sisi tuliozoea mgao wa maji tunaelewa haraka: simtenki limeondolewa, bomba linaendelea kutoa maji kidogo kidogo. Mlo wenye mafuta ya wastani unapata nyongo ya kuutosha. Chipsi mayai za saa tatu usiku, kwa mtu aliyeshinda na chai ya rangi tu, zinazidi uwezo wa bomba hilo, ndipo tumbo linapojaa gesi na choo kinakuja mbio.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni mafuta kiasi gani kwa mlo mmoja. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu karibu kila mtu huniambia anatumia "kidogo tu". Mama mmoja nilimwomba amimine kwenye bakuli kama anavyomimina kwenye sufuria nyumbani, kisha tukapima. Vilitoka vijiko vinane vya chakula, na mboga ni ya watu watatu. Akacheka, akasema, "Lakini haya ni ya alizeti, mtaalamu!" Kweli, alizeti ni bora kwa moyo kuliko samli, na huku kwetu na Singida ndiyo zao letu. Ila kwenye kumeng'enywa hakuna upendeleo: kijiko kimoja cha chakula ni gramu 14 hivi za mafuta, yawe ya dumu la kando ya barabara au ya dukani. Wiki za mwanzo napendekeza vijiko viwili kwa sufuria ya watu wanne, na vipimwe. Baadaye unaongeza polepole huku unalisikiliza tumbo.

Mlenda, nasema bila kuona haya, ni mboga ya wagonjwa hawa. Wagogo wanaupika kwa majani makavu yaliyotwangwa, maji na magadi kidogo, bila kukaanga chochote. Ule ute ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinazoshika maji tumboni na kusaidia choo kisiwe chepesi mno. Angalizo ni karanga, maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Siku za mwanzo upike bila karanga, kisha rudisha kijiko kimoja, uone. Ugali wa uwele au wa dona nao mzuri, lakini anza na tonge chache, kwani makapi mengi kwa ghafla yanaleta gesi. Vivyo hivyo maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, anza na upawa mmoja.

Asubuhi, weka maandazi na chapati pembeni kwanza. Viazi vitamu vya kuchemsha au uji wa ulezi vinatosha. Kula mara nne au tano, kidogo kidogo.

Na nyama choma ya Msalato? Nenda. Mbuzi ana mafuta machache kuliko watu wanavyodhani. Chagua steki, acha utumbo na vipande vyenye mafuta, agiza ugali na kachumbari badala ya chipsi. Pilipili ipunguze ukiona inakuchokoza.

Wachache huharisha kwa wiki au miezi, hasa baada ya kifungua kinywa. Nyongo inayoshuka mfululizo hufika nyingi kwenye utumbo mpana na kuvuta maji. Punguza kahawa, andika kwenye daftari ulichokula na saa ulizokwenda chooni, kisha mpelekee daktari. Ipo dawa ya unga, kolestiramini, inayoishika nyongo hiyo. Inashika na dawa nyingine pia, hivyo hizo zimezwe angalau saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baada yake.

Wale wanaouza mchanganyiko wa mafuta ya mzeituni na limau wa "kusafisha mawe" ya nyongo waacheni. Vile vibonge vya kijani vinavyotoka chooni ni mafuta hayohayo yaliyoganda tumboni kama sabuni, na kwa mtu aliyetoka kupasuliwa kikombe kizima cha mafuta ni adhabu.

Jiwe linaweza kubaki kwenye mrija wa nyongo hata kama kifuko hakipo. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa na rangi nzito na choo kikapauka, au ukapata homa ya kutetemeka na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, usibadilishe chakula wala usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.