Ukanda wa kijani ni nini, na kwa nini vijiji vya Cambridge viliukataa mtambo wa maji taka

Mtajie Mkenya maneno "Green Belt" na atamkumbuka Wangari Maathai, vitalu vya miche na akina mama wenye majembe. Ana haki. Green Belt Movement, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilipata jina lake kutokana na safu za miti zilizopandwa zikawa kama mikanda ya kijani juu ya ardhi iliyochoka. Uingereza maneno hayohayo yana maana nyingine kabisa. Huko ukanda wa kijani unaweza usiwe na mti hata mmoja. Ni ardhi inayouzunguka mji, iliyowekewa mpaka kwenye ramani ya mipango miji, na sharti lake kubwa ni kwamba isijengwe.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea tukisoma kwamba wanakijiji fulani wa Uingereza wanapinga mradi kwenye ukanda wa kijani. Tunadhani ni msitu, au hifadhi ya wanyama. Tukiona picha tunakuta shamba la ngano, ardhi tambarare, barabara kuu ikinguruma pembeni, na tunajiuliza kelele zote hizi ni za nini.

Wazo lenyewe lilizaliwa London. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, reli na magari viliwapa watu uwezo wa kuishi mbali na kazi, na nyumba zikaanza kujipanga kando ya barabara, kilomita baada ya kilomita, hadi vijiji vilivyokuwa na majina yao vikamezwa na jiji. Mwaka 1935 kamati ya mipango ya eneo la London ilipendekeza jiji lifungwe mkanda wa ardhi isiyojengwa. Sheria ya mwaka 1938 ikazipa halmashauri uwezo wa kuilinda ardhi hiyo, na sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 ikageuza kila kitu: tangu hapo kumiliki shamba hakukupi haki ya kujenga humo, lazima uombe kibali. Mwaka 1955 waziri Duncan Sandys alitoa waraka uliozitaka halmashauri za miji mingine nazo zifikirie kujifunga mkanda kama huo. Leo ukanda wa kijani unachukua kama asilimia 12 na nusu ya ardhi yote ya England.

Sera ya taifa inataja makusudi matano ya kuwa nao. Kuzuia miji mikubwa isitambae ovyo. Kuzuia miji jirani isiungane. Kuyalinda mashamba yasimegwe kidogokidogo. Kuhifadhi mandhari ya miji ya kale, na hapa ndipo miji kama Cambridge, Oxford na York inapoingia. La tano ni kuwasukuma wajenzi warudi mjini, watumie tena viwanja vilivyokwisha kutumika badala ya kukimbilia mashambani.

Tazama kisichotajwa hapo. Uzuri haumo. Ndege na vipepeo hawamo. Haki ya raia kutembea humo haimo pia: sehemu kubwa ya ukanda wa kijani ni mashamba ya watu binafsi, na mpita njia ana ruhusa kwenye vijia vilivyotambuliwa tu. Waingereza wana ulinzi wa aina nyingine kwa mandhari nzuri na kwa viumbe adimu. Ukanda wa kijani unalinda kitu kigumu zaidi kukieleza, yaani uwazi. Maafisa wetu wa mipango miji husema "eneo la wazi", ingawa la kwetu kwa kawaida huwa ndani ya mji, kiwanja cha watoto kuchezea mpira ambacho asubuhi moja kinakutwa kimezungushiwa mabati. La Waingereza liko nje, limeukumbatia mji mzima. Lakini msingi ni uleule: nafasi iliyo tupu ina thamani kwa sababu ni tupu, na ikishajengwa hairudi.

Je, haijengwi kabisa? Hujengwa. Majengo ya kilimo yanakubalika, na vitu vichache vingine. Chochote nje ya hapo kinahesabiwa kuwa na madhara hata kabla hakijachunguzwa, na anayetaka kukijenga lazima athibitishe kuna "mazingira ya pekee sana", kwamba faida ya mradi wake inayashinda bayana madhara yote. Mizani imeshalalia upande wa kukataa kabla kesi haijaanza. Mzigo uko juu ya mjenzi, si juu ya mwanakijiji.

Sasa twende Cambridge, maana ni huko dhana hii ilipopimwa kwa namna ambayo sidhani waasisi wake waliiwazia.

Katika karne ya 19 uchafu wa mji ule ulikuwa ukiishia kwenye mto Cam. Mwaka 1894 kikafunguliwa kituo cha pampu kando ya mto. Kilichoma takataka za mji kupata mvuke, na mvuke huo ukasukuma maji taka hadi shamba la kuyasafishia huko Milton, nje ya mji. Kituo hicho leo ni makumbusho, lakini eneo la Milton bado linafanya kazi ileile, kwa mitambo ya kisasa ya kampuni ya Anglian Water. Kilichobadilika ni mji. Mwaka 1970 chuo cha Trinity kilianzisha bustani ya sayansi, yaani eneo la ofisi za kampuni za teknolojia, jirani na hapo, ofisi zikaongezeka, na mwaka 2017 stesheni mpya ya reli, Cambridge North, ikafunguliwa karibu kabisa. Waliokaa jirani na mabwawa ya Vingunguti, au Ruai kule Nairobi, wanaijua hadithi hii: maji taka hupelekwa mbali, kisha watu huyafuata.

Ardhi iliyokuwa ya mwisho wa mji ikawa ya dhahabu. Halmashauri mbili za eneo hilo zikapanga mtaa mpya wa nyumba zaidi ya 8,000 kaskazini mashariki mwa Cambridge. Kikwazo kilikuwa mtambo wenyewe, kwa nafasi unayokalia na kwa harufu inayozuia makazi kuusogelea. Mwaka 2019 serikali kuu ikaahidi pauni milioni 227 kutoka mfuko wake wa miundombinu ya makazi ili mtambo uhamishwe. Anglian Water ikaweka maeneo matatu mbele ya wananchi mwaka 2020, na Januari 2021 ikatangaza chaguo lake: Honey Hill, mashamba yaliyo kati ya vijiji vya Horningsea, Fen Ditton na Stow cum Quy. Umbali ni kama kilomita 2 tu kutoka mtambo wa zamani, ng'ambo ya mto. Ndani ya ukanda wa kijani.

Wanakijiji wakaunda kundi la Save Honey Hill. Ni rahisi kuwaweka kwenye fungu la watu wanaosema "mradi ni mzuri, lakini si nyuma ya nyumba yangu". Waingereza wana hata neno la dharau kwa watu hao, nimby, na hutumiwa kumnyamazisha mtu kabla hajamaliza kusema. Sikatai kwamba harufu na malori vilikuwa sehemu ya hofu. Nani angependa? Lakini hoja yao ya kwanza haikuwa pua, na iliwagusa hata wasioishi jirani: mtambo wa zamani haukuwa umechakaa. Ulikuwa unafanya kazi. Haukupangwa kuhamishwa kwa sababu mji umekosa mahali pa kusafishia maji taka, ulipangwa kuhamishwa kwa sababu kiwanja chake kinatamaniwa.

Hapo ndipo dhana ya ukanda wa kijani inapojikunja na kujiuma. Kumbuka kusudi la tano, lile la kuwarudisha wajenzi kwenye viwanja vilivyotumika. Nyumba 8,000 juu ya eneo la mtambo wa zamani zinalitimiza kusudi hilo barabara: ni kiwanja kilichotumika, kando ya reli, mtu anaweza kwenda kazini kwa baiskeli. Lakini ili kusudi la tano litimie mjini, kusudi la tatu linavunjwa shambani, maana zege lililoondolewa upande mmoja wa mto linamwagwa upande wa pili. Waliounga mkono walisema hivyo ndivyo unavyookoa mashamba mengine mengi yasigeuzwe mitaa. Waliopinga walisema ukihesabu pamoja kubomoa mtambo mzima na kujenga mwingine, pamoja na kaboni ya saruji na chuma chake, hujaokoa kitu.

Hoja ya kwanza naiheshimu. Cambridge ni mji ambao muuguzi na dereva wa basi hulala mbali kwa sababu kodi ya nyumba haishikiki, na anayewaambia wasubiri hana budi kuwaambia wasubiri mpaka lini. Ila nashindwa kukubali kwamba hitaji la nyumba mahali pamoja linatosha kuwa sababu ya pekee sana ya kujenga kitu tofauti kabisa mahali pengine. Mlango uliowekwa uwe mwembamba, kwa hesabu hiyo, unapitisha tembo.

Uwazi nao una uzito wake pale. Upande ule wa Cambridge ni mwanzo wa nchi ya Fens, iliyokuwa vinamasi vikakaushwa, ardhi bapa kama meza. Matangi marefu ya kuozeshea tope hayana kilima cha kujifichia. Wasanifu walipendekeza tuta la udongo la mviringo kuuzunguka mtambo na miti juu yake, na kwa haki ni wazo lililofikiriwa. Lakini katika nchi isiyo na mwinuko hata tuta la kuficha ni kitu kinachoonekana. Na miti huchukua miaka mingi kufikia kimo cha kuziba tangi.

Jambo jingine linafaa kueleweka, kwa sababu linahusu nani mwenye kauli. Kwa kawaida kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya eneo. Sheria ya mipango ya mwaka 2008 iliitoa miradi yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa halmashauri na kuipeleka kwa waziri. Mtambo wa maji taka huingia kundi hilo ukiwa na uwezo wa kuhudumia sawa na watu zaidi ya 500,000. Wa Cambridge haukufikia hapo. Anglian Water iliomba, na waziri akaelekeza mwanzoni mwa mwaka 2021 kwamba utendewe kama wa kitaifa hata hivyo. Kwa wanakijiji hii ilimaanisha kwamba diwani wanayemjua, wanayeweza kumsimamisha njiani, hakuwa tena mwamuzi. Uamuzi ulihamia London.

Hawakuzira. Maombi rasmi yalipowasilishwa mwaka 2023 waliyasoma, maelfu ya kurasa za michoro, vipimo vya harufu na hesabu za malori, wakajiandikisha kama wahusika na kusikilizwa na wakaguzi kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024. Wengi wao walifanya kazi hiyo bila malipo, dhidi ya upande wenye mawakili na wataalamu wa kulipwa. Nataka msomaji wetu alione hilo, maana huku kwetu vikao vya kupokea maoni ya wananchi juu ya tathmini ya athari kwa mazingira mara nyingi huisha kwa karatasi ya mahudhurio na soda.

Waziri aliahirisha uamuzi zaidi ya mara moja, kisha Aprili 2025 akatoa kibali. Kwa macho ya sheria mazingira ya pekee sana yalikuwa yamethibitishwa, na ukanda wa kijani ukawa umeshindwa. Ilipita miezi michache tu. Gharama zilikuwa zimepanda kupita mbali ahadi ya mwaka 2019, na Agosti 2025 serikali ikasema haitatoa fedha za kuumalizia mradi. Anglian Water ikatangaza kwamba kuhama hakutakuwapo. Mtambo wa Milton unaendelea pale ulipo, na halmashauri zililazimika kurudi kwenye meza kutafuta nyumba zile zilizokuwa zimepangwa juu yake.

Honey Hill, basi, iliokolewa na bajeti. Hoja za wanakijiji zilisikilizwa zote, zikapimwa, zikaonekana nyepesi. Sijui kama kuna ushindi unaoacha ladha ya ajabu zaidi kuliko huo kwa watu waliotoa miaka mitano ya maisha yao.

Msamiati wenyewe nao umeshaongezeka. Desemba 2024 sera ya taifa ilileta neno jipya, "ukanda wa kijivu": ardhi iliyo ndani ya ukanda wa kijani, iwe imewahi kujengwa au la, lakini isiyochangia kwa nguvu katika kuzuia mji kutambaa, kuzuia miji kuungana na kuhifadhi miji ya kale. Ardhi ya namna hiyo inaweza kupata kibali bila kupita kwenye mlango ule mwembamba, mradi masharti mengine yatimizwe. Kulinda mashamba yasimegwe, ambalo ndilo kusudi lililoguswa pale Honey Hill, halimo kati ya matatu yanayotazamwa.