Je, wajua kwa nini jiji likijiunga na zimamoto ya kanda kodi ya majengo inaweza kupanda hata kama gharama ya zimamoto haijapanda?

Katika jimbo la Washington, Marekani, sheria inaruhusu tangu 2004 miji na wilaya za zimamoto zilizo jirani (vyombo vya zimamoto vinavyohudumia hasa walio nje ya miji) kuunganisha vikosi vyao na kuunda mamlaka moja ya kanda. Auburn, Algona na Pacific walianza na yao 2007, Kent ikafuata 2010, Renton 2016. Olympia na Tumwater walipiga kura ya hapana Aprili 2023. Edmonds wakapiga ya ndiyo Aprili 2025. Wakenya na Wakongo walionunua nyumba Kent na Renton wanaukuta mstari wa zimamoto kwenye bili ya kaunti, na kwa aliyetoka nyumbani ni jambo geni. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa zima, na Kenya kazi hiyo ni ya kaunti. Huku zimamoto inaweza kuwa serikali ndogo inayojitegemea, yenye bodi yake na haki yake ya kutoza kodi.

Kuna dhana mbili zinazogongana kila kura inapokaribia. Wapo wanaosema kuungana ni kubana matumizi, kwa hiyo kodi itashuka. Wapo wanaosema ni kodi mpya juu ya ile ya zamani, kwa hiyo mtu atalipia zimamoto mara mbili. Wote wanakodolea macho mstari wa zimamoto, ilhali jibu liko kwenye mstari wa jiji.

Kabla ya kujiunga, zimamoto hulipwa kutoka mfuko mkuu wa jiji, fungu lile lile linalolipa polisi, bustani na maktaba. Hakuna mstari wake kwenye bili. Fikiria chumba cha kupanga ambacho maji yamo ndani ya kodi. Siku moja unafungiwa mita yako na bili ya maji inaanza kuja kwa jina lako. Je, mwenye nyumba atapunguza kodi ya chumba? Mzigo wa maji umemtoka, lakini mkataba haumlazimishi. Akipunguza yote, hali yako inabaki karibu ile ile. Akipunguza nusu, nusu nyingine anaitia kwenye ukarabati wa paa. Asipopunguza kitu, unalipa kodi ile ile na maji juu yake. Bei ya maji ni moja katika hali zote tatu.

Sheria inaweka dari, na dari hiyo ndiyo inayowapa watu matumaini ya bure. Kwa jiji lililo ndani ya mamlaka ya kanda, kiwango cha juu ni dola 3.60 kwa kila dola 1,000 za thamani, ukitoa kiwango kinachotozwa na mamlaka yenyewe (na cha wilaya ya maktaba, kama ipo). Mamlaka ikitoza dola 1.00, dari ya jiji inashuka hadi 2.60. Lakini jiji lililokuwa likitoza 2.20 liko chini ya dari mpya tayari. Halilazimishwi kupunguza hata senti.

Tuchukue nyumba ya dola 600,000 katika jiji hilo, kwa tarakimu za mfano. Zamani jiji linachukua dola 1,320 kwa mwaka, na tuseme 0.90 ya kile kiwango cha 2.20 ndiyo iliyokuwa ikienda zimamoto. Sasa mamlaka inatoza dola 600 za kodi na ada ya dola 250 (tozo ya pembeni, tutaifikia hapa chini). Jiji likiachia 0.90 yote, jumla ni 1,630, yaani ongezeko la 310, kwa kuwa fungu la zimamoto la nyumba hii limetoka 540 hadi 850. Likiachia 0.50, jumla ni 1,870. Lisipoachia kitu, ni 2,170, ongezeko la 850. Magari ni yale yale, wazimamoto ni wale wale. Kwa hiyo kabla ya kura, hati ya kuitafuta ni azimio la baraza la jiji linalotaja kwa tarakimu kiasi litakachopunguza. Vipeperushi vya kampeni havitoshi.

Anayeishi nje ya jiji ana hesabu nyingine. Yeye alikuwa akilipa wilaya ya zimamoto moja kwa moja, pengine hadi dola 1.50, na kodi ya mamlaka huja kushika nafasi hiyo. Ndiyo maana majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa jiji wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa kwa kura moja.

Ile ada nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana haifuati thamani ya nyumba. Mamlaka isiyo na ada inaweza kutoza kodi hadi dola 1.50; ikichagua ada, kodi inakomea 1.00, ada haivuki asilimia 60 ya bajeti ya uendeshaji, na wapiga kura asilimia 60 lazima wakubali. Mamlaka nyingi huanza na kipeuo cha pili cha futi za mraba za jengo, kisha huzidisha kwa 18, namba iliyotoka kwa wakadiriaji wa bima ya moto wanapokisia maji ya kuzimia. Nyumba ya futi 1,600 inapata 40 × 18 = 720. Nyumba ya futi 6,400, kubwa mara nne, inapata 1,440 tu. Kisha huja vizidishio vya aina ya jengo na gharama, ambavyo kila mamlaka huweka vyake. Kiwanja kitupu hakina ada, hata kiwe ufukweni.

Mwaka wa kwanza si kipimo cha miaka ijayo. Mapato ya kodi hayaruhusiwi kukua zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya, bila idhini ya wapiga kura. Thamani za nyumba zikipanda asilimia 10, kiwango cha 1.00 kinateremka hadi takriban 0.92, huku mishahara na bei ya magari ikipanda. Ada haibanwi na asilimia 1 hiyo, kwa hiyo shinikizo huelekea huko.

Makosa ya vipimo hutokea: kibanda kilichobomolewa bado kinahesabiwa, au ghala linawekwa kundi lisilo lake. Linganisha futi zilizo kwenye rekodi ya mthamini wa kaunti na jengo lenyewe, na ukiona tofauti peleka pingamizi kwa mamlaka. Wazee wa kipato cha chini waliokwisha kupata msamaha wa kodi ya majengo wana punguzo la ada pia. Malipo yote huenda kwa mweka hazina wa kaunti pamoja na kodi nyingine, nusu kufikia Aprili 30 na nusu kufikia Oktoba 31.