Msisingizie bajeti, zombi huyu kauawa na maiki

"Fundi, waelewe tu, bajeti ilikuwa ndogo." Mimi fundi sauti, sentensi hii nimechoka nayo. Safari hii imekuja na DVD ya mazombi, filamu ya Kimarekani iliyoshutiwa kwa kamera ya mkononi, ya aina ile inayokwenda dukani moja kwa moja bila kupita sinemani. Jalada linatisha kweli. Ndani mna vijana kadhaa porini, nyumba moja ya mbao, na saa moja na nusu ya kuvumilia. Jina silitaji.

Aliyeniletea analaumu mekapu: damu ina rangi ya soda, na nyama ya bandia inaning'inia shavuni. Ni kweli, na wala si tatizo. Mwaka 1968 mwongozaji George Romero na wenzake walitoa filamu ya mazombi, Night of the Living Dead, waliyoitengeneza huko Pennsylvania, Marekani, kwa dola kama 114,000 tu, na damu yao ilikuwa sharubati ya chokoleti. Picha ya nyeusi na nyeupe iliwasitiri, nakubali. Lakini watu wale hawakuwa wageni kazini. Walikuwa wakitengeneza matangazo ya biashara jijini Pittsburgh, na Karl Hardman, yule aliyeigiza baba mkaidi anayeng'ang'ania kujifungia chumba cha chini, ndiye huyohuyo aliyeshughulikia sauti za kielektroniki. Muziki nao hawakuwa na hela ya kutungiwa. Waliuokota kwenye maktaba ya muziki uliokwisharekodiwa, wakachagua kwa masikio.

Zombi hana mazungumzo. Hana njama, hatishi kwa maneno. Alichonacho ni pumzi, miguu inayoburuzwa na mguno, na vyote vitatu ni kazi ya mtu wa sauti. Kwenye DVD hii mguno ni mmoja, umerekodiwa mara moja na kugawiwa kwa wote. Aliye dirishani na aliye ng'ambo ya bonde wanaguna sawasawa, kama kwaya inayofuata kinanda kimoja.

Kilichonipandisha presha hasa ni geini ya otomatiki, yaani kamera kujiamulia ikuze sauti kiasi gani. Kamera nyingi za bei nafuu, ukiziacha zilivyotoka dukani, hujipimia sauti zenyewe: mtu akipaza inashusha, akinyamaza inapandisha. Mtoto akikata keki, ni msaada mkubwa. Kwenye filamu ya kutisha ni uhaini. Dada kajificha chini ya kitanda, kabana pumzi, na sisi tunatakiwa tubane naye. Kamera inaona hakuna anayesema, basi inaongeza, inaongeza, mpaka unausikia mtambo wake wenyewe ukiunguruma na ule ushhh ukijaa chumba kizima. Halafu zombi anavunja mlango. Kamera inashtuka kabla yako na kuibana sauti papo hapo, kwa hiyo kishindo kilichotakiwa kikurushe kitini kinafika kimenywea, hakijaupita sana ule ushhh uliokitangulia. Mshtuko unatokana na tofauti, na tofauti ndiyo iliyofutwa. Ukiniletea studio nikipandishe kishindo, nao uchafu uliorekodiwa pamoja nacho unapanda. Programu za kusafisha kelele ninazo, ila ukizikoleza, sauti za watu zinasikika kama zinatoka majini.

Na kuizima hiyo geini ya otomatiki? Kwa kamera zenye nafasi hiyo ni kugusa menyu. Bure! Kusogeza maiki karibu na mdomo, bure vilevile: uwanjani, kila ukiuzidisha umbali mara mbili sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na upepo haushuki. Rekodi pia nusu dakika ya chumba kitupu kabla hamjaondoka, ije kuziba mapengo ya sauti. Hayo mnayajua, sirudii.

Kuna jambo moja linanisumbua. Wasambazaji wa ile filamu ya Romero waliibadili jina, na katika kubadili huko tamko la hakimiliki likaachwa nje. Huko Marekani filamu hiyo ikawa mali ya kila mtu, na zama za VHS zilipofika zikazagaa kanda za hovyo, zilizofifia, zenye mikwaruzo mwanzo mwisho. Kwa hoja yangu yote hapo juu, kanda hizo zisingepaswa kumtisha mtu. Zilitisha. Najitetea kwamba mkwaruzo usiobadilika sikio huuzoea na kuusahau, wakati geini ya otomatiki inapanda na kushuka, kwa hiyo haikuachi uzoee. Ninaamini hivyo siku nyingi, si zote. Huenda hadithi nzuri inabeba hata sauti mbovu, na hapo nusu ya niliyoandika inaanguka. Hii DVD yenyewe hadithi haina, kwa hiyo haiwezi kunisaidia kujua.