Bryceson: mlowezi aliyepitia mlango wa Tabora

Nikiwapeleka wanafunzi wangu Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, tukiwa kwenye boti kutoka Kigoma huwa nawauliza: Derek Bryceson alikuwa nani? Jibu ni lilelile kila mwaka: "Mume wa Jane Goodall," yule mtafiti wa sokwe. Ni kweli, walioana 1975. Lakini mimi ninayefundisha historia Tabora siwezi kumwanzia hapo.

Alizaliwa China mwaka 1922. Akiwa rubani wa jeshi la Uingereza aliumia vibaya katika Vita Kuu ya Pili, na tangu hapo akawa mtu wa kutembelea mkongojo. Baada ya vita alilima Kenya, kisha akahamia kwetu, chini ya Kilimanjaro. Njia yake ya siasa ilifunguliwa Tabora.

Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikutana mjini hapa kujadili kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpigakura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja; ukiacha hata mmoja, kura imeharibika. Na kupiga kura kwenyewe kulidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambulika. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi wakubali. Zuberi Mtemvu, aliyepinga uamuzi huo, akajitoa TANU, akaanzisha chama chake cha ANC (si kile cha Afrika Kusini).

Hapa naomba tusiende haraka. Mwafrika akilazimishwa kumpigia Mzungu kura, basi ni yeye anayeamua Mzungu yupi aingie Baraza la Kutunga Sheria! TANU ikachagua wa kuwaunga mkono, na Jimbo la Kaskazini likawapeleka Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Bryceson. Mwaka 1959 Bryceson akawa waziri. Mwaka 1965, kura tatu zilishazikwa na hakuna aliyelazimishwa tena, wapigakura wa Dar es Salaam walimrudisha bungeni. Kwangu, hilo linazidi wizara zote alizoshika.

Baadaye akawa mkurugenzi wa hifadhi za taifa. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), wakateka watafiti wanne Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni wakapungua, na Bryceson akasaidia kuipanga upya kazi pamoja na wasaidizi wa Kitanzania. Saratani ilimchukua Oktoba 1980. Vijana wa vijiji vya Kigoma waliendelea kuwafuata sokwe, tangu wanapoamka hadi wanapojenga viota jioni, wakiandika kila kitu kwa Kiswahili.