Umepandikizwa mimba na upande mmoja wa tumbo unauma? Usisubiri

Nipime lini?
Siku uliyopangiwa na kliniki, kwa kawaida siku 10 hadi 14 baada ya kiinitete (mimba changa iliyotungwa maabara) kuwekwa kwenye kizazi. Kipimo ni cha damu, kinachoonyesha kiwango cha hCG, homoni ya mimba.

Nimepima mkojo mapema, nimeona mistari miwili.
Kama ulichomwa sindano ya hCG ya kukomaza mayai, huenda unaipima sindano. Hukaa mwilini hata siku 10 au zaidi. Ukiona mstari mmoja nao usiache dawa, maana huenda umewahi mno.

Matiti yanauma, tumbo limejaa. Si dalili hizo?
Projesteroni, dawa ya homoni unayotumia kutegemeza mimba, huleta hayohayo. Na asiyesikia chochote anaweza kuwa mjamzito.

Nimeona matone ya damu. Niache dawa?
Hapana. Endelea nazo, ipigie simu kliniki. Tafadhali, dawa haziachwi kwa ushauri wa shoga.

Kipimo cha damu kimesoma mimba, ila upande mmoja chini ya kitovu unauma. Ultrasaundi yangu ni wiki ijayo.
Usisubiri wiki ijayo. Nenda hospitali leo. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Lakini daktari aliiweka ndani ya kizazi!
Hili tunaambiwa kila mara, na ndilo linalowachelewesha. Kiinitete hakijishiki siku kilipowekwa. Kinaweza kusogea hadi kwenye mrija wa uzazi. Na wengi wenu mlikuja kupandikizwa kwa sababu mirija ilikuwa na kasoro, jambo linaloongeza hatari hiyo. Kabla Louise Brown, mtoto wa kwanza wa kupandikizwa, hajazaliwa Uingereza mwaka 1978, daktari Steptoe na mwanasayansi Edwards walikuwa wameshafanikiwa kumpa mwanamke mimba kwa njia hii. Ilitunga kwenye mrija.

Labda ni chango tu.
Usiseme chango kabla hujapimwa. Usikandwe tumbo, usinywe mizizi, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo. Nje unaweza kuona matone tu, au usione kitu. Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya bega au kutaka kuzimia, hiyo ni dharura ya sasa hivi.

Nikifika niseme nini?
Sema: “Nimepandikizwa mimba, naumwa upande mmoja.” Najua wengi mmeficha, mama mkwe hajui, wifi hajui. Muombe aliyekusindikiza asubiri nje, lakini mhudumu umwambie. Ukitaja tumbo tu, unaweza kutibiwa vidonda vya tumbo huku unavuja damu.

Na kama ni usiku wa Jumapili?
Nenda usiku huohuo wa Jumapili.

Wakikuta ni gesi?
Utarudi nyumbani na gesi yako.