Usingizi wa nanga: kulala siku za ofu ukiwa mtu wa zamu za usiku

Umetoka zamu ya mwisho ya usiku, asubuhi imekwisha pambazuka, na mbele yako kuna ofu ya siku mbili. Ulale sasa mpaka usingizi ukuishe wenyewe, au ujikaze mpaka usiku ili ulale na watu wengine? Wengi tuliowahi kuingia usiku tumejaribu yote mawili, na yote mawili yametutesa. Mimi ofu yangu ya kwanza nililala saa 2 asubuhi, nikaamka saa 11 jioni. Usiku ule nilikaa sebuleni peke yangu macho makavu mpaka alfajiri, nyumba nzima imelala, na kesho yake nilipotakiwa niwe na watu nikawa nasinzia kwenye kiti. Siku mbili zote ziliishia hivyo.

Ipo njia ya katikati, na watafiti wa usingizi wameipa jina: usingizi wa nanga. Ni kipande cha usingizi, kwa kawaida masaa 3 au 4, unachokilala wakati uleule kila siku, uwe kazini au uwe ofu. Masaa mengine ambayo mwili unayahitaji unayaongeza kabla yake au baada yake, kadiri ratiba ya siku hiyo inavyoruhusu. Jina hilo linafaa sana. Chombo kilichotia nanga hakitulii kabisa: upepo ukigeuka nacho hugeuka, maji yakijaa huinuka, yakipwa hushuka. Ila mkondo hauondoki nacho.

Kinachofungwa na nanga hii ni saa ya mwili, yaani kundi dogo la seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ndiyo inayopanga joto la mwili lishuke lini, homoni ya melatonini itoke lini, na mtu awe macho lini. Kwa anayelala usiku, joto la mwili hufika chini kabisa karibu na saa 10 au 11 alfajiri. Ndiyo maana zamu za kwanza, muda huo, unajikunyata kwa baridi na kusoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Na ndiyo maana usingizi wa mchana hukatika mapema hata kama umechoka vipi: uchovu unataka ulale, saa ya mwili inakuamsha.

Saa hii haigeuzwi kwa amri. Ikisaidiwa na mwanga na giza kwa wakati unaofaa, husogea kama saa moja kwa siku, pengine mbili. Sasa piga hesabu. Aliyekuwa akilala saa 2:30 asubuhi, akiamua siku ya ofu alale saa 4 usiku, amevuta ratiba yake kwa masaa kumi na nusu. Ana siku mbili tu. Siku ya kurudi kazini inamkuta saa yake imekwama njiani, haiko mchana wala usiku, naye anaanza kuivuta upya. Ni sawa na kupanda ndege kwenda upande wa pili wa dunia kila wiki na kurudi, bila kutoka mtaani kwako.

Kwamba kipande kifupi cha usingizi kinaweza kuishika saa hiyo kilionyeshwa na watafiti wawili wa Uingereza, Minors na Waterhouse, mwaka 1981. Watu waliojitolea waliishi katika makazi yaliyotengwa, wakilala masaa 4 kwa wakati uleule kila siku na masaa mengine 4 kwa nyakati za kubadilika-badilika. Midundo ya miili yao, joto likiwemo, ilibaki kwenye mzunguko wa masaa 24. Nusu ya usingizi ilitosha kuushikilia.

Kwa mfanyakazi wa usiku, ratiba ninayoipenda zaidi inatoka kwa Mark Smith na Charmane Eastman wa Chicago, katika utafiti wa 2009. Baada ya zamu, washiriki walilala saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Siku za ofu walilala saa 9 usiku hadi saa 6 mchana. Ziweke ratiba hizo mbili sambamba utaiona nanga: kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 6 mchana, wako kitandani siku zote. Usiku kazini walipewa mwanga mkali kwa vipindi, wakienda nyumbani walivaa miwani ya giza, na chumba cha kulala kilikuwa giza tupu. Saa zao za mwili zilihama nusu tu ya safari ya kutoka mchana kwenda usiku, lakini utendaji wao wa usiku ulikaribia ule wa mchana. Na kwenye ofu, alasiri na jioni nzima wako macho pamoja na wenzao. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, maana kinachomuumiza zaidi mtu wa usiku si uchovu, ni kuwakosa watu wake.

Hiyo miwani usiivae kama unaendesha gari na macho yanafumba. Wakati huo bora usiendeshe kabisa.

Mwenye mtoto mchanga hatapata kipande kirefu kisichokatizwa, najua. Achague masaa 3 ambayo mtu mwingine anaweza kumshikia mtoto, kisha ayalinde: simu izimwe, pazia zito lishushwe, na kahawa iachwe mapema, kwa kuwa nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini masaa 5 hivi baada ya kunywa.

Nanga haimfai kila mtu. Anayeingia usiku mmoja au mbili kisha anarudi mchana, saa yake haipati hata nafasi ya kuhama. Huyo abaki mtu wa mchana, ajazie kwa kulala kidogo kabla ya zamu. Na ukipata likizo ya wiki au zaidi, ng'oa nanga. Asubuhi ya kutoka zamu lala kwa muda wa saa moja na nusu au mbili tu, weka kengele, toka nje mchana, halafu usiku ule lala mapema. Likizo ikikaribia kuisha, anza kuchelewa kulala kwa saa moja au mbili zaidi kila usiku, na alasiri ya siku ya kurudi kazini jilaze tena kabla ya kuondoka nyumbani.