Muyonza: ua wa miiba unaozaa matunda kwenye mchanga

Wenye mashamba Nakasongola, hapa Uganda ya kati, huniuliza swali lilelile kila kiangazi: kwenye mchanga huu, nipande tunda gani? Wengi wao wameshapanda parachichi na kuliona likikauka. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwaonyesha kichaka ambacho tayari kimejiotea mpakani mwao, kile ambacho watoto hukichuma wakitoka kuchunga. Ni muyonza. Matunda yake Waganda huyaita enyonza, Waacholi na Walango huuita acuga, na ndugu zetu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaujua kama mtandamboo. Kitaalamu ni Carissa spinarum. Vitabu vya zamani vimeuandika Carissa edulis, kwa hiyo ukikuta majina hayo mawili usidhani ni mimea miwili.

Niseme mapema: simshauri mtu apande ekari tano za muyonza akitegemea kuuza matunda. Tunda lenyewe ni dogo, upana wake karibu sentimita moja, lina mbegu mbili hadi nne, na likishaiva sawasawa halistahimili safari ya lori hadi Kampala. Huu ni ua kwanza, tunda baadaye. Anayeutaka uwe mwembe atachoka nao.

Kwa nini unaweza pale ambapo mengine yanashindwa? Mchanga haushiki maji. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi, huipita mizizi ya mahindi na kwenda chini na rutuba yake. Muyonza una mizizi inayoyafuata huko, na majani yake ni mazito, magumu, yenye kung'aa, hayapotezi unyevu ovyo. Jua la Januari linapogeuza nyasi kuwa makapi, wenyewe bado ni kijani. Ukikatwa, au moto wa kiangazi ukiupitia, huchipua tena kutoka shinani. Hata wachoma makaa, ambao katika ukanda wetu wa ng'ombe wamemaliza miti mingi, mara nyingi huuacha umesimama, kwa kuwa vijiti vyake vyembamba havina faida kwenye tanuri.

Mahali pazuri pa kuutafuta ni kwenye vichuguu. Mchwa hupandisha juu udongo wa chini wenye mfinyanzi na madini zaidi, na ndege kama shore na kuzumburu hutua hapo na kudondosha mbegu. Ndiyo maana ukipita mbuga ya Ziwa Mburo utaona visiwa vya vichaka katikati ya nyasi, na ndani ya vingi vyake muyonza haukosekani.

Sasa sehemu ambayo huwa nairudia hadi watu wanachoka kunisikia. Muyonza una jamaa yake wa ukoo uleule, msunguti, yaani Acokanthera schimperi, na huyo anaua. Hapa Uganda pia yupo. Wote wawili wana utomvu mweupe, majani yanayokaa mawili mawili, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu tamu kama ya asumini, na matunda yanayoiva yakawa ya zambarau iliyokolea. Tofauti ya kutegemea ni miiba. Matawi ya muyonza yana miiba iliyonyooka na mikali, mingine inafika sentimita tano. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Mfundishe mtoto hivi: pasipo mwiba, hapaliwi. Kuna watu watakwambia kwamba tunda la msunguti lililoiva huliwa mahali fulani. Mimi sitaki kusikia habari hiyo karibu na watoto, maana lililo bichi lina sumu kali.

Sumu yenyewe huitwa uabaini, na hushambulia moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki wameipaka mishaleni tangu zamani. Yupo hata panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, anayetafuna gamba la mti huo kisha akajipaka mate yake ubavuni, na mbwa anayemng'ata hujuta au hufa. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2011 na Jonathan Kingdon, yule mtaalamu wa wanyama aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere miaka mingi, pamoja na wenzake. Nimetoka nje ya mada, najua, lakini habari hiyo humfanya mtu auchunguze mwiba kabla ya kuchuma.

Turudi kwenye upandaji. Chuma matunda meusi kabisa, yakamue, osha mbegu mpaka utelezi wote uishe, zianike kivulini siku moja, kisha ziatike. Usiziweke kabatini kungoja msimu ujao. Mbegu mbichi ndizo zinazoota vizuri. Miche ihamishwe mvua zikianza: Machi au Septemba kwa walio Nakasongola. Karamoja, ambako msimu ni mmoja, usicheleweshe kabisa. Kwa ua mnene, panda mistari miwili, mche na mche mita moja, mstari wa pili ukiziba mapengo ya wa kwanza. Tia samadi iliyooza shimoni. Nyasi za kufunika udongo zisiguse shina, maana mchwa hufuata nyasi kavu wakaishia kwenye mche. Mbuzi nao wanaupenda ungali laini, kwa hiyo uzungushie matawi ya miiba hadi uweze kujitetea.

Kosa ninaloliona sana ni la kupunguza ua kote kote ili upendeze kama wa hotelini. Maua ya muyonza hutoka kwenye ncha za matawi. Ukizikata kila mwezi, matunda umeyakata pia. Punguza upande wa barabarani, upande wa nyumbani uache utawanyike.

Mizizi yake inatafutwa sana kwa dawa za kifua na tumbo, na hapo ndipo mtu huung'oa mzima. Atakayechimba achukue mzizi mmoja wa pembeni na kufukia shimo, kichaka kitaendelea. Na kama wewe umepanda lantana, kayukiyuki, kwa sababu inakua haraka, fikiria tena. Hiyo hudhuru ng'ombe na kuvamia malisho.

Jikoni, tunda lililoiva huliwa lilivyo, tamu lenye ukali kidogo. Lililo jekundu bado lina utomvu unaonata midomoni, ila kwa jemu haifai kulitupa: changanya machache mekundu na meusi mengi, maana yasiyoiva sana ndiyo yanayoifanya jemu igande. Chemsha na maji kidogo, chuja mbegu, ndipo uongeze sukari. Utomvu utaacha mstari unaonata kuzunguka sufuria, na sabuni peke yake haiuondoi. Upake mafuta ya kupikia, sugua na kitambaa, halafu osha kama kawaida.